Kikohozi cha Kuigiza: Uongo, Ajira na Penzi katika Riwaya ya Hoki ya Barafuni

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali hii imezoeleka kufafanuliwa kwa upande mmoja tu, kwamba mwenye kupenda, hata akijizuia vipi, hatimaye atasikika. Upande wake wa pili haujashughulikiwa sana. Je, mtu asiye na mafua aweza kukohoa kwa kusudi mbele ya watu ili adhaniwe kuwa anaumwa? Na iwapo atakohoa hivyo kwa muda wa miezi mitatu, kisha siku moja akajikuta ana kikohozi cha kweli, je, kile cha mwanzo kihesabiwe kuwa uongo, au kihesabiwe kuwa dalili iliyoutangulia ugonjwa?

Swali hili, ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mzaha, ndilo kiini cha aina moja ya fasihi pendwa iliyoenea mno Amerika Kaskazini katika miaka ya 2010 na 2020, nayo ni riwaya ya mapenzi inayotokea katika ulimwengu wa hoki ya barafuni. Nchini Kenya neno hoki humkumbusha msomaji mchezo wa nyasini. Hoki ya barafuni imefahamika kwa wachache, hasa tangu uwanja wa barafu ulipofunguliwa katika Hoteli ya Panari jijini Nairobi mwaka wa 2005 na timu ya Ice Lions ikapata pa kufanyia mazoezi. Makao ya mchezo huu ni Kanada na Marekani, ambako Ligi ya Taifa ya Hoki, iliyoundwa Montreal mwaka wa 1917, ina klabu 32 na huwalipa wachezaji wake mamilioni ya dola. Katika mazingira hayo ya fedha, kamera na udaku ndimo inamostawi motifu ya uchumba wa kuigiza.

Umbo la motifu hii ni rahisi kulieleza. Mchezaji maarufu ameharibikiwa na jina, pengine kwa ugomvi wa baa, pengine kwa uvumi. Klabu yataka sifa yake isafishwe kabla wadhamini hawajakimbia. Anatafutwa mwanamke wa kuonekana naye hadharani mpaka msimu umalizike, na mara nyingi mwanamke huyo ni mfanyakazi wa klabu ileile: afisa wa uhusiano mwema, tabibu wa viungo au mpigapicha wa timu. Wawili hawa huwekeana masharti. Masharti huvunjika moja baada ya jingine. Mwishoni kilichoigizwa huwa kweli, na msomaji hufunga kitabu akiwa ameridhika.

Wapo wahakiki watakaoona kwamba kazi za namna hii hazistahili wino wa kitaaluma. Dharau hiyo haina msingi. Fasihi pendwa husomwa na watu wengi kwa sababu huwapa majibu mepesi kwa maswali mazito, na kazi ya mhakiki ni kuliangalia jibu hilo jepesi na kupima uzito wake. Jibu la riwaya hizi ni kwamba uongo uliogeuka kuwa kweli umejisafisha wenyewe. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Yanashikilia kwamba ukweli haurudi nyuma kuusafisha uongo uliotangulia, na kwamba uzito wa kimaadili wa penzi la kuigiza haupimwi kwa mwisho wake. Hupimwa kwa maswali matatu: nani aliyedanganywa, nani aliyekuwa na uwezo wa kukataa, na nani hatimaye aliyeambiwa.

Chenga na Kujiangusha

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba hoki yenyewe ina falsafa yake ya udanganyifu, na falsafa hiyo ni ya hila kuliko inavyodhaniwa. Mchezaji anayemkabili kipa akiwa peke yake huuelekeza mwili kulia. Kipa huangukia kulia, na kisahani cha mpira hupita kushoto kikaingia wavuni. Mashabiki huinuka kushangilia. Hakuna hata mmoja asemaye kwamba kipa amedhulumiwa, wala kipa mwenyewe halalamiki. Hiyo ni chenga, na chenga ni fahari ya mchezo.

Hata hivyo, kanuni ya 64 ya ligi hiyohiyo humwadhibu mchezaji anayejiangusha, anayetia chumvi katika anguko lake au anayejifanya ameumia. Adhabu yake ni kukaa nje dakika mbili. Kuanzia msimu wa 2014/2015 ligi iliongeza onyo kwa kosa la kwanza, kisha faini ambazo hupanda kadiri kosa linavyorudiwa. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Chenga na kujiangusha ni vitendo vya mwili vinavyosema lisilokuwapo. Kwa nini basi kimoja kishangiliwe na kingine kiadhibiwe?

Jawabu limo katika nafasi ya anayedanganywa. Kipa aliingia barafuni akijua kwamba atapigwa chenga. Amelikubali hilo, na wenzake nao wanawapiga chenga wapinzani kwa haki ileile. Refa hayumo katika mashindano. Yeye yupo ili aone kilichotokea na kukitolea hukumu, na pasipo kuaminika kwa kile anachokiona hakuna mchezo bali vurugu. Chenga hutendeka ndani ya mchezo, ilhali kujiangusha hushambulia nguzo inayousimamisha mchezo wenyewe. Kwa hiyo, udanganyifu hauhukumiwi kwa kuangalia tendo peke yake. Sharti iulizwe kwanza ni nani aliyeelekezewa tendo hilo na alikuwa ameridhia nini.

Kipimo hiki chaweza kuletwa katika uchumba wa kuigiza. Kati ya wale wawili wenyewe, mwanzoni hapana uongo wowote, kwa kuwa kila mmoja ajua kwamba ni maigizo. Jamii za Afrika Mashariki zinalifahamu vyema jambo hili kupitia utani. Babu anapomwita mjukuu wake "mke wangu", naye mjukuu akamjibu kwamba mahari bado haijatimia, hakuna aliyedanganywa. Atakayesimama kumshutumu babu kwa uongo atakuwa hajaelewa lugha ya wenyeji. Kuigiza, basi, si kudanganya, maadamu wote waliohudhuria wanajua kwamba ni maigizo.

Magazeti ya udaku nayo yaweza kuwekwa katika nafasi ya kipa. Yamejiingiza yenyewe katika mchezo wa kuwinda siri za watu, na mwindaji hana haki ya kulalamika kwamba paa amemhadaa kwa kukata kona. Lakini kuna kundi jingine. Kuna mama mzazi wa mchezaji anayempikia mgeni chakula cha sikukuu na kumwonyesha picha za utotoni za mwanawe. Kuna wachezaji wenzake, ambao usalama wao barafuni hutegemea kuaminiana. Kuna mtoto shabiki anayeamini kwamba shujaa wake ametubu. Watu hawa hawakuingia katika mchezo wowote. Wao ndio nguzo ambayo juu yake maisha ya mchezaji yamesimama, na kuwahadaa ni sawa na kumhadaa refa. Si ajabu kwamba katika riwaya nyingi za aina hii mhusika huona haya kwa mara ya kwanza akiwa kwenye meza ya mama, ilhali mbele ya kamera hakuona haya. Fasihi hii, hata inapojidai kuwa ya burudani tu, yatambua mpaka ulipo.

Mkataba na Unyofu

Suala la pili ni la ajira. Mkataba wa kawaida wa mchezaji katika Ligi ya Taifa ya Hoki humtaka mchezaji ajiendeshe, uwanjani na nje ya uwanja, kwa viwango vya juu kabisa vya ukweli, maadili na uungwana wa kimichezo, na ajiepushe na mwenendo unaoweza kuidhuru klabu au ligi. Kifungu hiki ndicho mara nyingi kinachosimama nyuma ya msuko wa riwaya hizi, hata pale ambapo hakitajwi. Mchezaji ametishiwa nacho, na njia ya kujinusuru ni kuonekana akiwa mtulivu ubavuni mwa mwanamke mwenye heshima.

Kinaya hapa ni kikubwa mno kupuuzwa. Klabu humwamuru mtu adanganye ili atimize sharti la kusema kweli. Jambo hilo lawezekana kwa sababu katika soko la michezo neno maadili limebeba maana mbili ambazo hazipatani, yaani kuwa mwadilifu na kuonekana mwadilifu. Maana ya kwanza ni ya mtu, na ya pili ni ya bidhaa. Klabu haina chombo cha kuupima moyo wa mchezaji, lakini ina hesabu kamili ya tiketi na jezi zilizouzwa. Kwa hiyo hununua ile inayoweza kuihesabu.

Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka wa 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, alieleza jinsi mashirika yalivyoanza kuziajiri hisia za wafanyakazi pamoja na mikono yao. Alitofautisha kuigiza kwa juujuu, ambako mfanyakazi hutabasamu ilhali moyoni hana furaha, na kuigiza kwa kina, ambako hujilazimisha aione furaha yenyewe ili tabasamu lisionekane la bandia. Hatari aliyoiona ni kwamba mfanyakazi wa aina ya pili hufika mahali asijue tena ni hisia ipi iliyo yake na ipi iliyo ya mwajiri. Riwaya ya uchumba wa kuigiza huichukua hatari hiyo na kuigeuza kuwa baraka. Mwanamke aliyeamriwa apende, na akajilazimisha mpaka akapenda kweli, huonyeshwa akiwa amepata bahati. Swali ambalo msuko hauliulizi ni hili: anajuaje kwamba penzi lile ni lake?

Tena mzigo hauko sawa kwa wawili hao. Mchezaji ana mkataba wa miaka kadhaa, wakala na wakili. Mwanamke wa ofisi ya uhusiano mwema ana mshahara wa mwezi na msimamizi anayemtazama. Mchezaji akikataa maigizo, klabu itamtafutia njia nyingine, kwa kuwa inamhitaji barafuni. Mwanamke akikataa, klabu itamtafuta mwanamke mwingine. Methali yasema hiari yashinda utumwa, lakini hiari haithibitishwi na neno "ndiyo" peke yake. Huthibitishwa na kuwapo kwa mlango ambao mtu angeweza kuupitia bila kuadhibiwa. Pale ambapo ombi limetoka kwa mwenye uwezo wa kufukuza, mlango huo huwa umerudishwa hata kama haujafungwa kwa ufunguo.

Mwandishi Elle Kennedy, katika riwaya yake The Deal ya mwaka wa 2015, aliiepuka hatari hii kwa kuyatoa maigizo katika ajira. Wahusika wake ni wanafunzi wa chuo kikuu. Garrett Graham ni nahodha wa timu ya hoki ya chuo ambaye ameanguka mtihani na aweza kuipoteza nafasi yake uwanjani, na Hannah Wells ni mwanafunzi mwenzake aliyefaulu vizuri. Hannah anakubali kumfundisha, naye Garrett anakubali kuonekana naye ili kijana mwingine amtupie jicho. Somo linalomshinda nahodha, kwa kinaya kilichotulia, ni falsafa ya maadili. Hapa mizani imelingana, kwa kuwa kila mmoja ana kitu anachohitajiwa na mwenzake, na kila mmoja aweza kuondoka bila kupoteza ujira. Motifu hiyo inapohamia katika hoki ya kulipwa na kumfunga mfanyakazi na mchezaji wa klabu moja, usawa huo hauji wenyewe. Sharti mwandishi aujenge, na asipoujenga, mapenzi yatakayofuata yatabaki na doa la amri.

Kwamba hili si suala la vitabuni tu lilionekana mwaka wa 2023, pale klabu ya Seattle Kraken ilipotumia kurasa zake za mtandaoni kuwavutia wasomaji wa riwaya za hoki kwa kuwaonyesha wachezaji wake halisi kana kwamba ni wahusika wa riwaya hizo. Mke wa mchezaji mmoja alilalamika hadharani kuhusu maneno ya ashiki yaliyokuwa yakiandikwa juu ya mumewe, na klabu ikaziondoa picha hizo. Mchezaji aliajiriwa acheze hoki. Kuwa mpenzi wa kubuniwa wa watu asiowajua halikuwa sharti aliloliridhia. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba mwajiri anayeuza sura ya mapenzi ya mfanyakazi huuza kitu ambacho si chake.

Msomaji Aliye Ndani ya Siri

Ikiwa makosa haya ni dhahiri kiasi hicho, kwa nini msomaji hayahisi? Jibu ni la kifani. Riwaya nyingi za mapenzi ya hoki, The Deal ikiwa mojawapo, husimuliwa katika nafsi ya kwanza kwa kupokezana, sura moja ikisemwa na mwanamke na nyingine na mwanamume. Mbinu hii humweka msomaji ndani ya vichwa vyote viwili. Yeye hadanganywi hata kwa dakika moja. Hujua kwamba mwanamume ameanza kupenda kabla mwanamke hajajua, na hujua kwamba mwanamke naye anaumia. Furaha yake yote hutokana na kujua zaidi ya wahusika.

Mbinu hii ina nasaba ya kale. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo As You Like It, Orlando anakubali kumbembeleza kijana aitwaye Ganymede kana kwamba ndiye Rosalind, mwanamke anayempenda, ilhali kijana yule ni Rosalind mwenyewe katika mavazi ya kiume. Hadhira inajua, Orlando hajui, na kicheko huzaliwa katika pengo hilo. Lakini jukwaani Orlando anaonekana. Hadhira inamwona anayehadaiwa, na yaweza kumhurumia. Katika riwaya ya kupokezana, mama mwenye meza ya sikukuu hapewi sura ya kusimulia. Haonekani kutoka ndani hata mara moja. Matokeo yake ni kwamba msomaji hasimami kamwe mahali anaposimama yule asiyejua. Wahakiki wamesisitiza mara nyingi kwamba fani na maudhui havitenganishwi, na hapa pana mfano wake, kwa kuwa umbo la usimulizi limekwisha kutoa hukumu kabla hoja haijaanza. Kusoma kwa uadilifu kazi za aina hii ni kuongeza kimawazo ile sura iliyokosekana.

Kuna pingamizi moja ambalo lapasa kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba umma hauna haki ya kujua mambo ya faragha ya mchezaji, na kwamba asiye na haki ya kuambiwa kweli hawezi kudhulumiwa kwa kuambiwa uongo. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni sahihi, lakini ya pili haifuati. Kiswahili kina neno sitara, na sitara si uongo. Mtu anayefunga mlango wa nyumba yake hajamdanganya mpita njia. Anayechora mlango ukutani pasipo na nyumba amemdanganya. Kutokuwa na haki ya kupewa habari hakumaanishi kutokuwa na haki ya kutolishwa habari za bandia.

Hata hivyo, mpaka kati ya sitara na uongo hubadilika pale ukweli unapokuwa hatari kwa msemaji. Riwaya ya Rachel Reid, Heated Rivalry, ya mwaka wa 2019, ambayo ilitengenezewa tamthilia ya televisheni nchini Kanada mwaka wa 2025, huigeuza motifu hii kichwa chini. Shane Hollander na Ilya Rozanov ni manahodha wa klabu mbili hasimu, wanaume wawili ambao ligi na magazeti huuza uadui wao kwa mashabiki, ilhali kwa miaka mingi wamekuwa wapenzi kwa siri. Hapa penzi ndilo la kweli na uadui ndio wa maonyesho. Wanaodanganywa ni wengi, lakini hukumu haiwezi kuwa ileile. Katika uchumba wa kuigiza, watu huongopewa ili mtu apate faida zaidi. Katika kisa cha Reid watu huongopewa kwa sababu wao wenyewe, kwa chuki waliyoizoea, wameufanya ukweli uwe na bei isiyolipika. Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka wa 1797, alikataa ruhusa ya kusema uongo hata kwa muuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki aliyejificha ndani. Wengi waliomfuata wameona kwamba hapo alikwenda mbali kupita kiasi, na kisa hiki chaonyesha sababu. Sehemu ya dhambi ya uongo humrudia yule aliyeifanya kweli isemeke kwa hatari tu.

Mazoea na Uteuzi

Utetezi wenye nguvu zaidi wa uchumba wa kuigiza hautoki katika mahaba. Unatoka katika falsafa. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama ambavyo mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Kwa mantiki hiyo, anayetenda matendo ya mpenzi, yaani kumsubiri mwenzake baada ya mechi, kukumbuka anachokunywa na kumfunika koti baridi inapozidi, anajifunza kupenda. Kant naye, yuleyule mkali wa mwaka wa 1797, aliandika mwaka mmoja baadaye katika kitabu chake cha anthropolojia kwamba wanadamu wote ni waigizaji, na kwamba adabu wanazozionyesha bila kuwa nazo huweza polepole kuwaamshia fadhila za kweli.

Hoja hizi ni nzito, na yeyote aliyeishi katika ndoa ya muda mrefu ajua kwamba kuna asubuhi ambazo upendo hutangulizwa na mikono kabla moyo haujaamka. Lakini kila mmoja wa wanafalsafa hawa aliweka sharti ambalo riwaya pendwa huliacha mlangoni. Kwa Kant, maigizo hayo ya adabu hayana lawama kwa kuwa hayamdanganyi mtu, maana kila mmoja ajua kwamba si ya moyoni. Hili ni sharti la utani, ambalo limekwisha kutajwa. Kwa Aristotle, tendo linalofanana na la mwadilifu halimfanyi mtendaji kuwa mwadilifu mpaka alitende akijua, akilichagua kwa ajili yake lenyewe, na kwa tabia iliyokwisha kuimarika. Mchezaji anayembeba mwanamke mikononi kwa sababu kuna mpigapicha ametenda tendo linalofanana na la mpenzi. Siku atakayolitenda gizani, bila shahidi na bila faida, ndiyo siku penzi linapoanza.

Kwa hiyo mazoea hayatoshi. Mazoea huandaa ardhi, lakini mbegu ni uteuzi. Ndiyo maana tukio lenye uzito mkubwa zaidi katika riwaya hizi ni lile ambapo mmoja humwambia mwenzake kwamba mkataba umekwisha na kwamba, tangu sasa, atakaa bila kulazimika. Busu la kwanza lisiloigizwa halina uzito huo. Waandishi dhaifu huliharakisha tukio hili, ilhali waandishi bora hulikawiza, na wakati mwingine humfanya mmoja aondoke kwanza, aache kazi au ahame klabu, ili arudi akiwa hana mwajiri mgongoni. Utengano huo, ambao wasomaji hulalamika kwamba ni mbinu iliyochakaa, una kazi ya kimaadili. Bila kuondoka hakuna ushahidi kwamba kubaki kulikuwa kwa hiari.

Deni la Mtu wa Tatu

Yabaki swali la mwanzo: je, mwisho mwema huufuta uongo wa mwanzo? Mfano wa hundi waweza kusaidia. Mtu aandika hundi akijua kwamba akaunti yake haina fedha. Kabla mpokeaji hajafika benki, fedha zaingia kwa bahati, na hundi yalipwa. Mpokeaji hajapoteza hata senti moja. Lakini hakuna atakayesema kwamba mwandishi wa hundi alikuwa mkweli siku ile alipotia sahihi. Alichezea imani ya mtu mwingine kamari, akabahatika. Bahati yaweza kumwondolea mtu hasara. Haiwezi kumwondolea kosa.

Tena bahati yenyewe haiji kwa wote. Mwaka wa 1955 mwigizaji wa sinema Rock Hudson, ambaye uvumi kuhusu mapenzi yake kwa wanaume ulikuwa tishio kwa kazi yake, alimwoa Phyllis Gates, katibu wa wakala wake. Mwaka wa 1958 mke aliomba talaka. Wengi wameieleza ndoa ile kuwa mpango wa kuiokoa sifa ya nyota wa studio. Gates mwenyewe, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka wa 1987, miaka miwili baada ya kifo cha Hudson, alishikilia kwamba yeye aliolewa kwa kupenda. Ikiwa maelezo yake yakubaliwa, basi katika maigizo yale mwigizaji alikuwa mmoja tu. Hudson ahurumiwe kwa sababu ileile wanayohurumiwa wahusika wa Reid, kwani zama zake hazikumwachia mlango. Lakini huruma kwake haimfuti Gates. Yeye ndiye sura ambayo usimulizi wa kupokezana hauwezi kuiandika, mtu wa tatu aliyedhani kuwa ni wa pili.

Kisa hiki chaonyesha pungufu la jibu la fasihi pendwa. Wale wawili huungama wao kwa wao, na maungamo hayo ni ya kweli na yanagusa. Lakini mama, wachezaji wenzao na mtoto shabiki mara nyingi hawaambiwi lolote. Kwa kuwa picha zilizotangazwa sasa zimepata ukweli wake, huonekana hakuna haja tena ya kusema. Uongo haukuungamwa, umepitwa na wakati tu. Na klabu, ambayo ndiyo iliyovuna, husimama kando ikipiga makofi katika sura ya mwisho.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba penzi la kuigiza haliwezi kuhukumiwa kwa jumla. Kuigiza mbele ya wanaojua ni utani. Kumkwepa anayekuwinda ni chenga. Kujificha kutokana na wanaokutishia ni sitara. Kumlisha uongo mtu anayekuamini, kwa ajili ya faida, ni kujiangusha mbele ya refa, na kosa hilo halipungui kwa kuwa baadaye mwangukaji aliumia kweli. Aidha, imeonyeshwa kwamba maigizo yanapoamriwa na mwajiri, hiari sharti itafutwe mahali pengine, yaani katika uhuru wa kuondoka na katika uteuzi wa kurudi.

Kazi bora za aina hii hazina budi kuvuka mipaka ya wapenzi wawili. Ungamo lao halijakamilika mpaka limefika kwenye meza ile ya sikukuu, mbele ya mama aliyetoa picha za utotoni. Yaweza kuwa mama atacheka na kusema kwamba alijua tangu mwanzo, kwa kuwa akina mama husikia tofauti. Lakini kucheka huko ni haki yake kukutoa, wala si haki ya wengine kukudhania. Kikohozi cha kuigiza chaweza kugeuka kuwa cha kweli, na hakuna sababu ya kutolifurahia hilo. Hata hivyo, aliyeamka usiku kumchemshia mgonjwa wa uongo maji ya tangawizi astahili kuambiwa ni siku gani hasa ugonjwa ulianza.